Kabla ya kutia sahihi: jamaa yenye majeruhi itamchaguaje avoka?



Mji wetu wa Likasi uko njiani. Barabara ya RN1 inatoka Lubumbashi, inafika kwetu baada ya kilomita kama 120, na kutoka hapa njia inaendelea mpaka Kolwezi. Juu yake kunapita kamio za shaba, kobalti, chokaa, mafuta na asidi. Pembeni yake wanapita watoto wa shule, mama wauza makala na vijana wa pikipiki. Ndiyo maana karibu kila kanisa lililo kwenye njia hii lina jamaa inayojua maana ya kupigiwa simu usiku na kuambiwa: njooni hospitali.

Baada ya simu hiyo, sisi wachungaji tunaulizwa swali moja mara kwa mara: tutafute avoka? Na kama ni hivyo, tutamtambuaje aliye wa kweli? Swali hili si dogo. Mtu aliyevunjika mguu anaweza kupoteza mara ya pili, na safari hii si kwa gari bali kwa kalamu, akitia sahihi karatasi asiyoielewa au akikabidhi dosye yake kwa mtu asiyefaa.

Je, Mkristo anaruhusiwa kudai?

Wako wanaosema kwamba kudai ni kukosa imani, eti ajali ni mapenzi ya Mungu. Wengine wanashika 1 Wakorinto 6, pale Paulo anapowakemea waamini wanaoshitakiana. Lakini Paulo alikuwa anasema na ndugu wa kanisa moja, watu wanaoshiriki meza moja. Kampuni ya usafirishaji haiketi nasi kwenye benchi la kanisa. Tena Paulo huyohuyo, haki yake ilipokanyagwa kule Filipi, aliwataka wakubwa wa mji waje wenyewe kumtoa gerezani. Na katika Matendo 25 alikata rufaa kwa Kaisari.

Torati nayo iko wazi. Katika Kutoka 21, mtu akimpiga mwenzake hata alale kitandani, atalipa siku alizopoteza na atahakikisha anapona. Katika sura hiyohiyo, mwenye ng'ombe apigaye kwa pembe hahukumiwi sawasawa katika kila hali. Kama alikuwa ameonywa na hakumfunga, hatia inamrudia yeye mwenyewe. Tafsiri yake kwa njia yetu ni rahisi: kamio yenye breki mbovu ni ng'ombe ambaye mwenyewe amekwisha kuonywa. Kuomba afidiwe aliyeumia si kulipiza kisasi. Kusamehe ni kazi ya moyo, lakini gharama ya mguu wa bandia haiondolewi na msamaha.

Somo la Kabwe

Tarehe 20 Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe, upande wa Tenke kwenye njia ya Kolwezi, kamio iliyobeba asidi iligongana na basi la abiria. Asidi ilimwagika juu ya watu. Walikufa watu wapatao 20, na wengine waliungua vibaya. Asidi hiyo ilikuwa inakwenda kwenye mgodi wa Mutanda, wa kampuni ya Glencore yenye makao yake Uswisi. Lakini kamio haikuwa ya mgodi. Ilikuwa ya msafirishaji aliyepewa kazi.

Hapo ndipo swali gumu lilipozaliwa: nani atalipa? Shofere? Mwenye kamio? Asiransi? Au mwenye mzigo? Swali hilo lilifika mpaka Ulaya. Shirika la makanisa ya Kiprotestanti ya Uswisi, Pain pour le prochain, lilikuwa kati ya waliopaza sauti kwa ajili ya waathirika hao. Tarehe 29 Novemba 2020 Waswisi walipigia kura pendekezo la kuzifanya kampuni zao zijibu kwa madhara yanayofanyika ng'ambo. Asilimia 50,7 ya wapiga kura walikubali, lakini pendekezo lilianguka kwa sababu majimbo mengi yalikataa.

Tunakumbusha Kabwe kwa sababu moja. Ajali kubwa namna ile ilisikika duniani, na hata hivyo njia ya fidia ilikuwa ndefu. Ajali ya mtoto mmoja kwenye kona ya Likasi haitasikika popote. Yeye hana wa kumsemea isipokuwa jamaa yake, kanisa lake na avoka watakayemchagua.

Nani anapaswa kulipa?

Kila mara tunaona hasira ya watu ikimwangukia shofere. Mara nyingi shofere naye ni maskini, amelazimishwa kuendesha usiku na mchana. Hata akifungwa, mfuko wake ni mtupu. Sheria yetu haikuishia kwake. Kitabu cha tatu cha sheria ya madai, kinachotoka mwaka 1888 na ambacho bado kinatumika, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake anapaswa kulifidia. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mwajiri anajibu kwa ajili ya mtumishi wake aliye kazini.

Tena kuna asiransi. Tangu sheria ya Januari 1973, kila gari linapaswa kuwa na asiransi kwa ajili ya wale litakaowaumiza. Kwa miaka mingi tulijua jina moja tu, SONAS. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, na leo ARCA ndiyo inayozisimamia. Kwa hiyo siku hizi haitoshi kusema: twende SONAS. Lazima mjue gari lile lina asiransi ya nani.

Ajali ya kazini ina njia nyingine. Mfanyakazi aliyeandikishwa anaanzia CNSS na Inspection du travail, na mwajiri anapaswa kuitangaza ajali yake. Msiuze shamba ili kulipa avoka kabla ya kugonga mlango huo. Wachimbaji wadogo, ambao mara nyingi hawana mkataba wala hawakuandikishwa CNSS, ndio walio katika hatari kubwa zaidi, na kwao shauri la mwanasheria ni la lazima mapema.

Siku za kwanza

Wakati wa kilio, watu wawili hufika haraka. Wa kwanza ni mjumbe wa mwenye gari. Ana bahasha ya jeneza au ya dawa, na karatasi ya kupatana. Pokeeni msaada kama mna shida, lakini msitie sahihi karatasi inayosema kwamba hamtadai kitu tena. Andikeni tu kwamba mmepokea kiasi fulani, kwa ajili ya mazishi au matibabu, na bakini na nakala.

Wa pili ni kommisioneri. Anazunguka hospitali akisema anamjua avoka mkubwa wa Lubumbashi. Anaomba pesa ya kufungua dosye na karatasi za mgonjwa, za asili. Huyu mara nyingi si avoka. Msimpe karatasi wala franga.

Badala yake, jamaa ichague mtu mmoja mtulivu akusanye vitu hivi: namba ya plaki, jina la mwenye gari na picha ya karatasi ya asiransi kama inapatikana, namba ya PV ya polisi wa barabarani, vyeti vya daktari, risiti zote za dawa na usafiri, majina na simu za walioshuhudia. Avoka hodari asiye na ushahidi ni kama mpishi asiye na moto.

Kumtambua avoka

Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inatofautisha avoka na défenseur judiciaire. Wote wawili wanaruhusiwa kutetea watu, lakini défenseur kazi yake iko kwenye tribinali ya grande instance na zile za chini yake, wakati avoka anaweza kusimama hata mbele ya Cour d'appel. Dosye yenye majeraha makubwa mara nyingi inakatiwa rufaa, kwa hiyo ni vizuri kujua tangu mwanzo nani atakwenda nayo mpaka mwisho.

Kila avoka ameandikwa katika orodha ya Ordre yake. Kuuliza katika ofisi ya batonie kule Lubumbashi kama fulani yumo katika orodha si dharau. Ni kama kanisa linavyouliza barua ya mchungaji mgeni. Avoka wa kweli hakasiriki akiulizwa.

Mkishamwona, mwulizeni maswali haya bila haya.

Umewahi kushughulikia dosye za ajali, na ziliishaje? Avoka wa ardhi au wa ndoa anaweza kuwa mtu mzuri, lakini si kila fundi anajenga paa.

Unafanya kazi au umewahi kufanya kazi kwa msafirishaji huyu, kwa mgodi huu au kwa asiransi yake? Katika miji yetu ya migodi, swali hili linazidi mengine yote. Mtu hawezi kutumikia mabwana wawili, na dosye haiwezi.

Tutamdai nani, na kwa njia gani? Jamaa inaweza kujiunga na kesi ya jinai kama partie civile, au kufungua kesi ya madai peke yake. Akijibu kwamba atamshitaki shofere tu, mwombeni aeleze kwa nini anamwacha mwajiri na asiransi.

Malipo yako ni kiasi gani, na gharama za tribinali ni kiasi gani? Hivyo ni vitu viwili. Viandikwe mbali mbali, na kila malipo yawe na risiti. Akisema atachukua sehemu ya fidia, iandikwe ni sehemu gani, na mwulize batonie kama inakubalika kabla ya kukubali.

Tukishinda, pesa itapitia wapi? Hukumu si mwisho. Kuna rufaa, kuna droit proportionnel ya serikali, kuna kazi ya kuitekeleza hukumu. Avoka mwaminifu atawaeleza hayo siku ya kwanza. Anayeahidi ushindi na kutaja maelfu ya dola kabla ya kusoma PV, mwageni kwa heshima.

Jambo la mwisho ni procuration, karatasi ya kumpa mtu uwezo wa kutenda kwa niaba yenu. Msitie sahihi karatasi tupu. Iandikwe kwamba hawezi kupatana na upande wa pili wala kupokea fidia bila jamaa kujulishwa na kukubali kwa maandishi.

Lubumbashi au Likasi?

Wengi wanaamini kwamba avoka wa mji mkubwa ni bora. Kuna ukweli hapo. Lubumbashi ina maavoka wengi zaidi, Cour d'appel iko kule, na avoka wa mbali pengine haogopi wakubwa wa mji wetu. Lakini Likasi ina tribinali yake, na kesi ikisikilizwa hapa, kila kikao ni safari ya kulipiwa. Avoka asipokuja, kesi inasogezwa, na kesi inayosogezwa mara nyingi inamchosha maskini kabla ya kumchosha tajiri. Swali la kuuliza ni hili: nani hasa atasimama siku ya kikao, wewe au stajieri wako? Afadhali avoka wa karibu anayefika kuliko jina kubwa lisiloonekana.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Sheria ileile ya 1979 inaitaka Ordre iwe na Bureau de Consultations Gratuites kwa ajili ya wasio na mali. Pelekeni pale dosye iliyopangwa vizuri, na ulizeni karatasi ya indigence kwenye ofisi za serikali za mji.

Kazi ya kanisa

Hapa tuseme na watumishi wenzetu. Kampuni zinajua kwamba jamaa inamsikiliza mchungaji. Ndiyo maana mjumbe wake huja kwetu na mfuko wa unga na kutuomba tuwatulize watu, kisha tutie sahihi kama mashahidi wa mapatano. Sahihi ya mchungaji ina uzito kuliko anavyodhani. Mama mjane ataona kwamba Mungu mwenyewe amekubali. Tusiitoe juu ya karatasi ambayo mwanasheria hakuisoma.

Wala mchungaji asiwe kommisioneri. Asichukue asilimia, asishike pesa ya fidia, asimtume mtu kwa avoka mmoja tu kwa sababu ni rafiki yake. Afadhali kila paruasi ichague watu watatu, mmoja wao awe mama, wenye kazi ya kusindikiza: kutunza nakala, kwenda pamoja na jamaa kumwona avoka, kuketi nao tribinali. Yule mjane wa Luka 18 alikwenda peke yake mara nyingi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wa kwetu nao lazima waende peke yao.

Ndugu zetu wa Goma, Bukavu na Kalemie, barabara zenu zina hatari zake, na baadhi ya ofisi zina majina mengine. Lakini karatasi ya kupatana inafanana kila mahali. Someni makala hii katika mkutano wa mama na wa mashemasi, sasa, wakati hakuna kilio. Siku ya ajali hakuna mwenye nguvu ya kusoma.

Bwana awalinde njiani.