Mjumbe wa Ufaransa na shamba la mjane

Mvua ikianza kugonga bati la ukumbi wa shule hapa Tukuyu, "mjumbe wa Ufaransa" hana budi kupaza sauti. Mbele yake imesimama karatasi ya manila iliyokunjwa, yenye jina la nchi hiyo. Kwa Kiingereza alichokariri tangu juzi, analiomba baraza lilaani ubaguzi dhidi ya wanawake. Makofi yanalia, azimio linapita. Nje, akina mama wanapita na mikungu ya ndizi kichwani, na ukumbini hakuna aliyewataja.

Midahalo hii ya kuigiza Umoja wa Mataifa ina faida, na anayeibeza hajaitazama vizuri. Mwanafunzi aliyepewa nchi asiyoichagua hutetea msimamo usio wake, hutafuta kura, na hukubali neno moja libadilishwe ili azimio lipite. Ndoto nazo hazikosi mfano wa nyumbani. Dkt. Tulia Ackson, mzaliwa wa wilaya yetu hii ya Rungwe, alichaguliwa Oktoba 2023 mjini Luanda kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushika kiti hicho.

Kasoro ninayoiona iko kwenye mada. Tunawafundisha vijana kutetea haki za mwanamke ambaye hawatakutana naye, huku kesi nzito ya haki hizo hizo ikiwa imetoka kwetu.

Wajane wawili wa Kitanzania, baada ya kufiwa na waume zao, walitolewa kwenye nyumba zao na wakwe. Kanuni za kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Rufaa ikakwama mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Wajane wakapeleka malalamiko kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Mwaka 2015 Kamati iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaitaka nchi iwafidie na kurekebisha kanuni hizo.

Kesi hiyo ndiyo ningeipeleka ukumbini, ila viti ningevipanga upya. Badala ya nchi, pawe na mjane, shemeji, mtoto wa kwanza, mwenyekiti wa kitongoji na hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Wote wabishanie muhtasari wa kikao cha ukoo: nani anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi? Mvulana akae kiti cha mjane, msichana awe shemeji.

Shemeji naye apewe haki yake ya kusema. Shamba la chai na migomba ni la ukoo, atasema; mjane akiolewa kwingine, litaondoka naye, na wajukuu watalima wapi? Katika jamii inayofuata ukoo wa baba, hoja hii ina uzito, na asiyeijibu hajashinda. Mjane ajibu kwamba mgongo uliopalilia shamba hilo ni wake. Aongeze kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na inataka baraza la ardhi la kijiji la watu saba liwe na wanawake wasiopungua watatu.

Wapo watakaosema vijana watapoteza Kiingereza na upeo wa dunia. Upeo haupotei, kwani njia ya wajane wale ilianzia nyumbani ikafika kwenye Umoja wa Mataifa. Kiingereza wakitumie siku ya kuandika malalamiko kwa Kamati. Siku ya kikao watumie Kiswahili, maana lugha ya kukariri huwanyamazisha wale wale tunaotaka wasikike, na hakuna ukoo utakaogawa shamba kwa Kiingereza.

Iko siku kikao cha kweli kitakaa nyumbani kwa msichana aliyeigiza shemeji, matanga yakishaanuliwa. Baba mdogo atakohoa, ataanza kueleza kwa nini shamba lisibaki kwa mama. Msichana yule atayatambua maneno hayo kabla hayajaisha, kwa kuwa aliwahi kuyasema mwenyewe, na anakumbuka alijibiwa nini.