Kipimo Kianzie Bandarini

Mwaka 2011, zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Ulaya Magharibi yalikuwa ya dizeli. Mwaka 2024, katika nchi za Umoja wa Ulaya, dizeli ilibakiwa na asilimia 11.9 ya soko hilo. Haibridi, yaani magari yanayochanganya injini na mota ya umeme, zilichukua asilimia 30.9, na magari yanayoendeshwa kwa betri peke yake asilimia 13.6. Norway ndiyo iliyokwenda mbali zaidi: karibu magari tisa katika kila kumi mapya ya mwaka huo yalikuwa ya umeme mtupu. Tumelitenga toleo hili lote kwa mgeuko huo, kwa sababu tunaamini mawimbi yake yameshafika Dar es Salaam na Mombasa, na yametukuta hatujajiandaa.

Dizeli haikupanda chati Ulaya kwa bahati. Serikali ndizo zilizoipandisha. Injini yake hunywa mafuta kidogo kuliko ya petroli, hivyo hutoa kaboni dioksidi pungufu kwa kila kilomita, na baada ya Itifaki ya Kyoto ya 1997 wakubwa walikuwa wakitafuta njia ya haraka ya kuipunguza kaboni hiyo. Uingereza ilibadilisha kodi ya magari mwaka 2001 ili ifuate kiasi cha kaboni kinachotoka kwenye bomba. Ufaransa ilikuwa imezoea kuitoza dizeli kodi ndogo kuliko petroli. Mnunuzi alifuata bei, na nani angemlaumu? Katika hesabu hiyo yalisahaulika masizi na oksidi za nitrojeni, vitu vinavyoingia kifuani mwa anayeishi kando ya barabara, awe na gari au asiwe nalo. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitamka kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikafichua kuwa Volkswagen iliweka kwenye magari yake programu inayotambua kwamba gari liko kwenye kipimo na kulifanya litoe moshi msafi kwa muda huo tu. Magari yaliyohusika yalikuwa kama milioni 11 duniani kote, na mkurugenzi mkuu, Martin Winterkorn, alijiuzulu siku chache baadaye. Februari 2018 mahakama kuu ya kesi za utawala huko Leipzig iliiruhusu miji ya Ujerumani kuzuia dizeli kuukuu, na Hamburg ikawa ya kwanza kufanya hivyo. London nayo inamtoza pauni 12.50 kwa siku mwenye dizeli isiyofikia kiwango, na tangu Agosti 2023 tozo hiyo imeenea mji mzima.

Gari lililokataliwa London haliishii London. Uingereza wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia, na gari lao likishuka bandarini linaingia barabarani bila kubadilishwa kitu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha mwaka 2020 hesabu ya magari madogo ya mtumba milioni 14 yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018. Afrika ilipokea mengi kuliko bara jingine lolote. Dizeli mpya kiasi za Ulaya zina kichujio cha masizi. Kichujio hicho kinahitaji mwendo mrefu wa kasi ili kijichome na kujisafisha, na mwendo huo haupatikani kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam. Kinaziba, taa inawaka kwenye dashibodi, mwenye gari anakwenda gereji, fundi anakitoa na kuunga bomba. Kuanzia hapo tunavuta moshi ambao Ulaya imekataa kuuvuta. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 ziuze dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, hatua kubwa na ya kupongezwa. Lakini mafuta safi yakipita kwenye gari lililong'olewa kichujio, faida yake nyingi inapotelea hewani.

Sitaki nieleweke kwamba dizeli ifukuzwe kesho. Lori linalopandisha mlima wa Kitonga likiwa na shehena ya kwenda Tunduma bado halijapata mbadala kwa bei ambayo wasafirishaji wetu wanaweza kuimudu, na anayedai kinyume chake aulize madereva. Ninayemzungumzia ni mwenye gari dogo anayetoka Mbagala kwenda Posta na kurudi. Kwa safari ya namna hiyo, haibridi ni mashine iliyotengenezwa kana kwamba waliomo kiwandani walikaa kwanza kwenye foleni yetu. Gari likisimama, injini inazima. Dereva akikanyaga breki, mota ya umeme inageuka kuwa jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo ingepotea kwa joto. Toyota iliitoa Prius nchini Japani Desemba 1997. Leo Prius na Aqua za mtumba ni za kawaida mitaani kwetu, na waliozinunua walifuata unafuu wa mafuta. Tanzania haisafishi mafuta yake, na kiwanda cha kusafishia mafuta ghafi cha Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Kila lita tunayochoma tunainunua kwa fedha za kigeni, ilhali bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115 na Kenya inazalisha sehemu kubwa ya umeme wake kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Ethiopia iliyapima mambo hayohayo ikaamua, Januari 2024, kuzuia kabisa uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli.

Mimi siungi mkono katazo kama la Ethiopia kwa nchi zetu kwa sasa. Ninachodai ni kipimo. Ukaguzi wa magari ya mtumba tulionao ulijengwa kwa ajili ya magari ya injini: breki, taa, chasisi, kilomita. Kwenye gari la umeme, mali iko kwenye betri, na betri huchakaa bila kutoa kelele wala moshi. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, haikuwekewa mfumo wa kupoza betri kwa kimiminika. Kufikia 2012 wenye magari hayo Arizona, jimbo la joto kali, walikuwa wakilalamika kwamba umbali wanaokwenda kwa chaji moja unapungua upesi. Leaf ndiyo gari la umeme la mtumba linalopatikana kwa bei nafuu Japani. Dashibodi yake ina vijisanduku 12 vya afya ya betri, na vinavyobaki vikiwa vichache, mnunuzi wa Tanga atakuwa amelipia gari la kwenda sokoni na kurudi tu. Haibridi nazo zina lao: katika nyingi, betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa pembeni mwa kiti cha nyuma, na vumbi likijaa pale betri inapata moto na kufa mapema. Kuisafisha feni hiyo ni kazi ndogo kwa fundi aliyefundishwa. Kwa asiyefundishwa, nyaya za rangi ya chungwa zilizo jirani yake zinabeba umeme unaoweza kuua.

Kwa hiyo tunataka mambo mawili yaandikwe kwenye sheria. Kila gari lenye betri kubwa lipimwe uwezo wa betri uliobaki kwa kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, na namba hiyo iandikwe kwenye hati ya ukaguzi mnunuzi aione kabla ya kulipa. Na kila dizeli inayoingia ikaguliwe kichujio chake, kisha ikaguliwe tena kila mwaka ikiwa barabarani, vinginevyo ukaguzi wa bandarini utadumu hadi gereji ya kwanza tu.

Msomaji atakutana pia na makala kutoka Kolwezi, mji wa machimbo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na nimeisogeza mbele makusudi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri nyingi za magari ya umeme, inachimbwa Kongo, kwa sehemu kubwa katika ukanda wa Lualaba na Haut-Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya machimboni. Betri zinazotumia chuma na fosfati hazihitaji kobalti na zinazidi kutumika, lakini wachimbaji wa mikono bado wanashuka kwenye mashimo, na Amnesty International iliandika mwaka 2016 juu ya watoto waliokuwa wakifanya kazi huko. Anayelisifu gari la umeme kwa usafi wake aisome makala hiyo kabla ya zile za bei na umbali.