Kidonge cha Seramiki na Unyevu wa Wete

Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa kebo ya chini ya bahari, iliyoanza kazi 2010 kwa msaada wa Norway. Wenzetu wa Unguja walishaonja: hitilafu ya kebo yao Desemba 2009 iliwaweka gizani hadi Machi. Sasa mtu akisema utafiti wa betri si wetu, mie humuuliza: jua la mchana tutalihifadhi wapi?

Mwaka 1967 watafiti wa Ford walionyesha kwamba seramiki ya beta-alumina inapitisha ioni za sodiamu. Ni elektrolaiti ngumu, haivuji wala haishiki moto. Na sodiamu ndiyo hiyo iliyomo kwenye chumvi tunayoianika wenyewe (isafishwe kwanza, bila shaka). Nyingine, NASICON, ilitangazwa 1976 na huchomwa kwenye nyuzi 1,200 hivi.

Kuipima si uchawi. Unagandamiza unga uwe kidonge, unakichoma, unapaka fedha nyuso zote mbili, kisha unapitisha mkondo geu na kubadilisha masafa. Ukitumia mkondo mnyoofu, ioni hurundikana upande mmoja na kipimo kinakudanganya. Masafa mbalimbali ndiyo yanayotenganisha ukinzani wa ndani ya chembe na ule wa mipakani mwake, ambako mara nyingi ndiko kwenye mkwamo.

Sasa hapa ndipo pa kwetu. Kidonge chenye vitundu hufyonza unyevu, na maji nayo hupitisha chaji. Mtu atakuja na grafu ya kupendeza, kumbe kapima hewa ya Wete! Dawa yake: pima, kausha kwa joto, pima tena. Upitishaji ukiporomoka baada ya kukausha, ujue yalikuwa maji. Maabara za ughaibuni huweka sampuli nyingi ndani ya visanduku vya hewa kavu. Sisi unyevu tunao bure, na betri za huku zitaishi humo humo.

Najua jibu la walimu: vifaa hakuna. Lakini kidonge ni kidogo kuliko sarafu. Kichomwe chuo chenye tanuri, kifungwe vizuri, kipimwe chuo chenye mita. Kuliko dodoso jengine la watu thelathini wanaoulizwa kama wanapenda sola, mie mwaka huu ningependa kuona mradi mmoja tu wa mwaka wa mwisho wenye kidonge kilichopimwa mara mbili, kibichi na kikavu.