Tusimpe Mtoto Jina Kabla ya Kumpima

Ndugu zangu wa Kilwa na pwani yote ya Lindi, yapo maneno mepesi mdomoni yanayomharibia mtu maisha: "huyu mzito", "huyu hana akili", "huyu ana mashetani". Tunayatamka barazani, chuoni na shuleni, na mtoto huyabeba mpaka uzeeni. Hata mtu mzima aliyeacha ghafla kwenda pwani na kula na wenziwe, naye tunampa jina. Tuache kutoa majina, tupime. Na tukipima, tuchague kipimo kinachofaa.

Pishi hupima mtama, haipimi kina cha maji; nahodha ajuaye kazi yake hutupa bildi. Vipimo vya akili na tabia navyo ni vingi, na kila kimoja kina swali lake. Wataalamu wa Kifaransa Alfred Binet na Théodore Simon walipotunga kipimo chao cha akili jijini Paris mwaka 1905, walitaka kuwatambua watoto wanaohitaji msaada wa pekee darasani. Kukitumia kumwekea mtoto mpaka wa maisha ni kukidhulumu kipimo na kumdhulumu mtoto.

Basi swali litangulie. Mtoto wa miaka minne haongei? Apimwe masikio kwanza, kwani malaria iliyopanda kichwani huweza kuacha udhaifu wa kusikia na wa kumbukumbu. Mtoto anashindwa kusoma, lakini chenji ya samaki hakosei? Apimwe macho, kisha usomaji wenyewe. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 9 yako maswali kumi ya kutambua dalili za ulemavu anayoulizwa mzazi, nayo yamejaribiwa Kilifi, pwani ya Kenya. Mtu mzima aliyeelemewa na huzuni ana hojaji ya maswali tisa juu ya hali yake ya wiki mbili zilizopita, nayo ipo kwa Kiswahili. Hojaji hizi huonyesha dalili tu; kuamua ni kazi ya mtaalamu.

Pili, tutazame kipimo kimezaliwa wapi. Mtoto wa kisiwa cha Songosongo akionyeshwa picha ya kitu asichowahi kukiona, akanyamaza, ukimya ule haupimi akili yake. Ndiyo maana wataalamu wa Kilifi, akiwemo Amina Abubakar, walitengeneza kipimo cha makuzi ya watoto wa miezi 6 hadi 35 kwa kufuata mazingira ya huko. Na karibu na Bagamoyo, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waliwapima wanafunzi wa miaka 11 hadi 13, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja, wakawapima tena: alama zikapanda. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Alama ya siku moja haiwezi kuzihesabu zote.

Mtasema wataalamu wako mbali, kwenye hospitali za Muhimbili na Mirembe. Ni kweli, na serikali ina deni hapo. Lakini njia huanzia karibu: zahanati ya kijiji, Hospitali ya Kinyonga pale Kivinje, Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, na afisa wa elimu maalumu katika halmashauri. Mtasema pia kwamba mgonjwa anasomewa. Kisomo kina heshima yake, wala hakimzuii mtu kwenda hospitali.

Mkifika, ulizeni bila woga: Kipimo hiki kinapima nini? Kimejaribiwa kwa watu wa kwetu, kwa lugha yetu? Nani atayaona majibu? Baada ya majibu, tutasaidiwaje? Mtaalamu mwema hachukizwi na maswali haya; asiyeweza kuyajibu, msimkabidhi mwanenu.

Walimu, msimrudishe mtoto nyumbani kwa neno "hafundishiki" kabla hajapimwa. Wazazi, msimfiche mtoto chumbani kwa kuona haya. Na majibu yakishatoka, kila mmoja wetu atimize sehemu yake: mwalimu abadili namna ya kufundisha, mganga wa hospitali atibu, jirani afunge mdomo. Mtoto aliyepimwa kisha akaachwa vilevile amedhulumiwa mara mbili.