Kichwa Kwanza, Damu Baadaye

Mzazi wa Migori au Homa Bay akiona damu ya mapigano mseto (MMA), humsihi mwanawe abaki kwenye ndondi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wa mwaka 2015, unatutaka tufikiri upya. Wapiganaji mseto waliumia zaidi, takriban asilimia 60 dhidi ya 50 ya mabondia. Waliozirai, hata hivyo, walikuwa asilimia 4 dhidi ya 7. Bondia akiangushwa huhesabiwa hadi nane, kisha hurudi kupigwa kichwa kilekile. Robert Wangila, bondia wetu aliyekuwa bingwa wa Olimpiki ya 1988, alifariki 1994 baada ya pigano Las Vegas. Kwa hiyo, kaunti hizi mbili zisiruhusu pigano lolote bila daktari na ambulensi kando ya ulingo.