KUTA ZETU NA MAFUNDI WANAOZIPAMBA

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba huenda hajapata kulisikia jina la Kitandililo. Ni kata iliyomo katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe, huko ambako barabara kuu iendayo Zambia hukutana na ile ya Njombe na Songea, na ambako reli ya TAZARA ina stesheni yake. Mbao na viazi vya nyanda hizo hutufikia mpaka visiwani. Lakini leo tunaitaja kata hiyo kwa ajili ya kuta.

Katika vijiji na miji midogo ya huko, kama ilivyo Mkokotoni au Chake Chake, ukuta wa duka ndio bango la duka. Kinyozi huchorewa kichwa kilichonyolewa vizuri pamoja na mkasi na kitana. Mama anayeuza chakula huchorewa sahani ya wali inayofuka moshi. Fundi wa pancha huchorewa gurudumu. Asiyejua kusoma huelewa, na mgeni haulizi njia. Kazi hiyo yote hufanywa kwa mkono, na fundi mwenye makopo matatu ya rangi, brashi mbili na kamba iliyopakwa chaki ya kupigia mistari. Hana ofisi, wala hakuna anayemwita msanii.

Ni fundi huyo ambaye riziki yake sasa inapungua. Turubai za plastiki zilizochapwa kwa mashine zinatundikwa pale alipokuwa akichora yeye. Kadhalika makampuni makubwa ya simu, vinywaji na saruji yamegundua kwamba mwenye duka hukubali ukuta wake wote upakwe rangi ya kampuni, mradi tu asitoe senti yake. Kwa haki tuseme kwamba mafundi wetu hupata kibarua hapo pia. Lakini hupaka rangi ileile na alama ileile kutoka Makambako mpaka Mkoani, na mji mzima ukafanana na ghala la muuza bidhaa. Hatumlaumu mwenye duka, kwani rangi ni ghali. Tunachojiuliza ni kwa nini kampuni iuone thamani ya ukuta wa kijijini, na halmashauri isiione.

Uchoraji wa ukutani si jambo la kuletwa na wageni katika nchi hii. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyomo katika mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Usukumani, vyama vya wacheza ngoma za nyoka vilichora kuta za nyumba zao kwa kufundishia wanachama, na michoro hiyo ilitolewa kitabu na Hans Cory mwaka 1953. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora katika kanisa la Murang'a nchini Kenya maisha ya Yesu yakiwa katika mandhari ya Wakikuyu, na watu wangali wakienda kuitazama kazi hiyo. Na sisi wa pwani tunajua kwamba mtepe haukushuka majini bila kuchorwa macho omoni.

Tena yupo Edward Saidi Tingatinga. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya ubao laini wa kujengea na rangi ya kupakia baiskeli, vitu ambavyo fundi yeyote wa Kitandililo anavijua. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake leo limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji, na hakuna kichochoro cha maduka ya watalii Mji Mkongwe kisichouza picha za mtindo huo. Fedha za kigeni zinazoingia kwa njia hiyo tunazifurahia. Mchoraji wa ukuta wa kinyozi, ambaye ni ndugu yake kwa kazi, tunamtoza ada ya bango.

Watumishi wa Serikali hawana haja ya kutafuta sheria mpya. Tanzania Bara, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya ununuzi wa umma nayo inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu. Kikundi cha vijana watano wanaojua kuchora kinaweza kuingia katika milango yote miwili. Kinachowazuia ni kwamba hakuna aliyewaambia, na kwamba zabuni ya kupaka rangi zahanati huandikwa kana kwamba kazi ni kufunika saruji tu. Afisa Utamaduni na Afisa Maendeleo ya Jamii wakikaa meza moja na mhandisi kwa muda wa saa moja, maneno ya zabuni hiyo yatabadilika.

Kazi yenyewe ipo tele. Zahanati inahitaji picha ya mama anayenyonyesha na ya mtoto anayenawa mikono. Soko linahitaji kuonyesha wapi pa samaki na wapi pa mboga. Shule za msingi nyingi zimekwisha kuanza: utakuta mfumo wa kumeng'enya chakula, jedwali la kuzidisha, na ramani ya Tanzania ukutani.

Juu ya ramani hizo tuna neno. Tumewahi kuona moja ambayo Pemba imekaa kusini ya Unguja, na nyingine ambayo visiwa vyote viwili vimesahauliwa, bahari ikawa buluu tupu. Msomaji wa visiwani anaweza kucheka, lakini mtoto anayeitazama kila asubuhi kwa miaka saba hacheki, anaamini. Kosa hilo si la fundi. Alipewa ukuta na rangi, hakupewa ramani ya kunakili, wala mwalimu hakuja kukagua kabla rangi haijakauka. Anayetaka kazi ya mkono iheshimiwe hana budi kuisimamia kama anavyosimamia msingi wa jengo.

Wala hatusemi kila ukuta uchorwe. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo huhitaji kupumua. Rangi ya mafuta huziba unyevu ndani, na lipu hubanduka pamoja na picha. Huko mamlaka inayohusika na iendelee kukataza bila kuona haya, hata pale mwombaji anapokuwa mwenye hoteli mwenye fedha. Ng'ambo, Mwera, Wete na Mkoani kuna kuta za matofali ya saruji zisizo na idadi, nazo hazina kizuizi hicho.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Tunaziomba halmashauri za Bara, Makambako ikiwamo, pamoja na mabaraza ya miji na manispaa za visiwani, ziweke katika makadirio ya kila jengo jipya la umma fungu dogo la mchoraji wa hapohapo, kwa mkataba wa maandishi, na jina lake liandikwe chini ya kazi yake. Pia picha iliyochorwa kwa mkono juu ya ukuta wa mfanyabiashara mdogo, inayotangaza biashara yake mwenyewe na si ya kampuni, isitozwe ada ya bango. Hasara ya mapato itakuwa ndogo, na waweka hazina wanaweza kuipigia hesabu kabla ya kikao kijacho cha madiwani.