Baiskeli Tulizoziona Sabasaba

Mwenye kutaka kujua baiskeli inaelekea wapi, na azunguke mabanda ya Sabasaba, pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, bila ya kuharakishwa na mtu. Sisi tulikwenda na jambo mahususi: wazazi kadhaa wa mtaani kwetu wameomba msaada wa baiskeli kwa watoto wao wa sekondari wanaotembea saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Fedha ni za michango ya watu, na fedha za namna hiyo hazitaki kubahatisha.

Kilichokusanya watu zaidi ni baiskeli za betri. Huko Ulaya si jambo geni tena. Nchini Ujerumani, mwaka 2023, ziliuzwa nyingi kuliko zile za kukanyaga kwa miguu pekee. Sheria ya Umoja wa Ulaya huziruhusu kuwa na mota ya wati 250, nayo huacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Ni chombo kizuri, hatubishi. Tulimuuliza muuzaji betri ikichoka hubadilishwa wapi, naye akatupa kipeperushi. Kwa mwanafunzi ambaye nyumbani kwao umeme ni wa kubahatisha, wakati wake bado.

Vijana walizizunguka zile za matairi mapana, zenye gia nyingi na springi mbele. Nyingi hazikuwa na madigadi wala keria. Mtoto ataweka wapi mkoba, na mvua ya masika itamfikisha shuleni akiwa na sare ya rangi gani? Inashangaza kidogo, kwani neno bodaboda lenyewe lilizaliwa juu ya keria ya baiskeli, huko Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijalirithi. Leo keria huuzwa pembeni, kama pambo.

Tulipotoka viwanjani tulipita kwa wauzaji wa mitumba ya Japani, na huko ndiko tulikokaa muda mrefu. Baiskeli zile hazina majivuno: kikapu mbele, keria nyuma, kifuniko cha mnyororo, na fremu iliyoinama katikati hata mpandaji hahitaji kurusha mguu juu. Kwetu hiyo fremu ndiyo hoja yenyewe. Wapo wazee wetu wanaoona kuwa msichana juu ya baiskeli ni jambo lisilopendeza, nasi tumewasikiliza kwa heshima. Lakini stara iko wapi zaidi: kwa binti aliyeketi wima, baibui lake likiwa mbali na mnyororo, au kwa binti anayesimama kando ya barabara magharibi akiomba lifti kwa asiyemjua?

Jambo hili limekwisha kujaribiwa kwingine. Katika jimbo la Bihar, India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wanaoingia darasa la 9 fedha za kununulia baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walilichunguza jambo hilo, wakakuta wasichana walioandikishwa sekondari wameongezeka kwa takriban asilimia 32, na ongezeko kubwa lilikuwa katika vijiji vilivyo mbali na shule. Bihar si jimbo la matajiri, wala wazazi wake hawakuwa wepesi wa kuwaachia mabinti. Wasichana walikwenda kwa makundi, na macho ya watu yakazoea.

Fundi wetu wa mtaani, tuliyekwenda naye, alikuwa mkali kuliko sisi. Alizikataa zile zenye gia ndani ya kitovu cha gurudumu, akisema zikiharibika hana vifaa vya kuzifungua. Akachagua za magurudumu ya inchi 26, kwa kuwa tairi na tyubu zake hupatikana katika kila duka la vipuri. Akagonga rimu moja baada ya nyingine, akavuta breki, akatoa mbili zenye kutu ndani ya bomba la kiti.

Zilizobaki ni saba. Muuzaji amekubali kuongeza pampu mbili na kutuwekea mzigo hadi Jumatatu. Kamati inakutana Jumapili baada ya Alasiri, na katika orodha tutakayoipeleka, nne kati ya hizo saba ni za wasichana.